Mukarusanga na Maziwa ya Shemeji

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mukarusanga alikuwa anagombana na jogoo. Jogoo alikuwa ameingia ndani, akapanda juu ya kibuyu cha maziwa na kukataa kushuka. Mukarusanga alimweleza mambo mengi kuhusu ukoo wake. Azarias, mume wake, alikuwa amekaa mlangoni, kimya. Kwa miaka thelathini na miwili ya ndoa alijua kwamba akifungua mdomo, jogoo atasamehewa na kesi itabaki kwake.

Kisha Mukarusanga akaenda kumkamua Bihogo, ng'ombe aliyempenda kuliko wote. Akanywa palepale, maziwa yangali na joto la kiwele, povu likabaki juu ya mdomo. Ndivyo wanavyokunywa watu wa Bijombo, milimani kwetu. Alipoinuka alishika tumbo, akakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, akasema kuna mtu anapiga ngoma humo ndani.

Azarias akaweka mkono. Kweli, kitu kilikuwa kinapiga. Akauliza kama ni mimba. Mukarusanga alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alimtazama mume wake kwa huruma, akamwomba amwinue.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru, na kila kilichoharibika kilisemwa kimeletwa na uhuru, hata homa ya Mukarusanga, ambayo mwaka mzima ilikuja jioni na kuondoka ilipotaka. Lakini ngoma ya tumboni haikuwa mambo ya siasa. Wanaume wanne walimbeba kwa machela mpaka Uvira, siku mbili za kuteremka. Njia nzima aliwaonyesha mahali pa kukanyaga, kama vile yeye ndiye anayetembea.

Lopitali walikuta dokta mmoja Mhaiti, jina lake Sévère, aliyeletwa baada ya Wabelgiji kuondoka. Alikuwa mweusi kama mtu yeyote, lakini hakujua neno moja la Kiswahili. Mukarusanga aliamini anafanya makusudi. Muuguzi Agathe ndiye aliyetafsiri. Dokta alisikiliza tumbo kwa mpira wake muda mrefu, akachukua damu, akaituma Bukavu. Jibu liliporudi baada ya wiki tatu, aliuliza kama huyu mama anaishi na ng'ombe. Mukarusanga alimwomba Agathe amwambie kwamba sasa dokta ameanza kuuliza maswali ya maana.

Dokta akaeleza polepole. Kuna vidudu vya ng'ombe, havionekani kwa macho. Vinakaa katika maziwa mabichi na katika maji ya uzazi. Mukarusanga alikunywa hayo maziwa tangu utoto, na ndama wengi wa Bijombo alikuwa amewavuta yeye, mkono ukiwa ndani mpaka begani. Basi vidudu viliingia katika damu, vikakaa kwenye ukuta wa ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo na kupita tumboni. Vikaula. Sasa mshipa umevimba, kama mpira wa baiskeli unaotokeza pale tairi ilipochakaa. Kuupasua na kuushona hakuna anayeweza, si Uvira, si Bukavu. Sindano zitaua vidudu. Lakini ukuta utabaki mwembamba, na vikiingia vingine, mshipa utapasuka na mama atakufa palepale. Kwa hiyo asivute ndama tena, na maziwa ayachemshe au ayaache.

Azarias alielewa kila neno. Tangu siku ile aliuogopa ule mshipa kama mgeni mwenye bunduki.

Sindano zilichukua mwezi. Walilala Kasenga, mtaa wa Uvira, kwa Charlotte, mke wa mvuvi, mama wa roho nzuri. Alisikia mgonjwa amekatazwa maziwa, akamletea sahani ya ndagala. Mukarusanga aliwatazama wale samaki wadogo, akasema hawezi kula huku watu mia moja wanamkodolea macho. Akaomba viazi.

Shida yenyewe ilikuwa inawangoja juu. Kule milimani hakuna mtu anayechemsha maziwa. Ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka, kiwele kinakauka, na ng'ombe anakufa vibaya. Kila mtoto anajua. Azarias, shemasi wa kanisa na mtu wa maneno machache, alisema heri afe ng'ombe.

"Weye unataka minye nipone, Bihogo akauke?" Mukarusanga alimuuliza. "Bihogo alikufanyia nini?"

Siku nne alikunywa maji tu, akawa anawasemesha ng'ombe na kumpita mume kama kigogo. Alikonda. Azarias alianza kuwaza kumdanganya, lakini maziwa yaliyochemka yana utando juu, na mke wake hakuwa mtu wa kudanganywa na utando.

Siku ya tano Mukarusanga alirudi kutoka kuomba, uso umetulia. Alisema Mungu amemfungulia. Dokta alisema maziwa yachemshwe. Hakusema ya nani.

Sasa, Azarias alikuwa na kaka mkubwa, Kamanzi. Siku ya harusi Kamanzi alisema mbele ya wageni kwamba bibi harusi ana miguu ya mbuzi, na Mukarusanga alikuwa bado anatafuta jibu linalofaa. Kamanzi alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Gaju. Gaju alipiga vibuyu teke. Gaju alimsukuma mchungaji wa kanisa ndani ya kijito, tena mbele ya watu waliokuja kubatizwa. Hakuna aliyempenda isipokuwa Kamanzi.

Mukarusanga alienda kwa Kamanzi, akapiga goti kwa heshima zote, akaomba kibuyu kimoja cha maziwa ya Gaju kila siku kwa ajili ya mwili wake mgonjwa. Kamanzi alikaribia kulia. Miaka yote hiyo alidhani shemeji yake anamchukia.

Hivyo kila asubuhi Azarias alipokea kibuyu, akashuka bondeni nyuma ya mianzi, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kondoo, akawasha moto. Mukarusanga alikunywa akiwa amefunga pua. Kisha walipanda kwenda kumsalimu Kamanzi, na wakati wanaume wanaulizana habari, yeye aliinama kutazama chuchu za Gaju. Zilikuwa nne, laini, hazina hata mkwaruzo. Gaju alinenepa. Baada ya miezi sita alikuwa anatoa maziwa kuliko Bihogo, na Mukarusanga alilichukua jambo hilo kama tusi.

Lakini homa haikurudi. Ngoma tumboni ilipiga taratibu. Azarias alihesabu asubuhi moja moja, akashukuru.

Mwaka uliofuata vita vya waasi vilifika Uvira. Dokta Sévère akaondoka, na waasi wakapanda mpaka kwetu. Asubuhi moja wanaume watano wenye majani kichwani waliona moshi kwenye mianzi, wakamkuta Azarias amechuchumaa mbele ya chungu. Mkubwa wao, Térence, mtu wa Nyakabere, kule chini tambarare, aliuliza kunapikwa nini. Azarias akajibu ni maziwa.

Térence alicheka sana. Alisema anawajua watu wa ng'ombe, heri wachome nyumba kuliko kuchemsha maziwa. Basi hii ni dawa ya kuzuia risasi. Azarias aliapa kwamba ni maziwa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyoamini. Walikunywa nusu, wakajimwagia nusu kichwani. Utando ulimganda Térence kwenye paji la uso, na alimkataza kila mtu kuugusa. Kisha akauliza dawa inatoka wapi. Shemasi hakujua kusema uongo. Akataja Gaju wa Kamanzi.

Ndiyo maana mchana ule Kamanzi alitoka nyumbani akakuta waasi watano wamepanga mstari mbele ya ng'ombe wake, wanampigia saluti. Gaju alimpiga mmoja teke. Wakasema ni nguvu ya dawa, wakamshukuru. Walipoondoka, Kamanzi alikuwa ameshajua kila kitu: chungu, moto, mianzi na miezi minane.

Alikuja na fimbo. Azarias alisimama mlangoni. Alijua hakuna mtu mwingine katika milima yote atakayetoa maziwa ya kuchemshwa, na mke wake hatayagusa ya Bihogo kwa moto. Kamanzi akisema hapana, Mukarusanga atarudi kwenye mabichi, na mshipa utapasuka. Akasema yeye ndiye aliyechemsha, apigwe yeye. Kamanzi alimpita, akaingia ndani, akamuuliza shemeji yake kwa nini hakuchemsha ya ng'ombe wake mwenyewe.

Mukarusanga alijibu. Kamanzi alikaa kwenye kigoda, fimbo juu ya magoti. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliomba kuonja yale yaliyochemka. Akayatema nje. Kesho yake alileta kibuyu kwa mkono wake mwenyewe, na keshokutwa, na kila siku.

Mukarusanga aliishi miaka miwili na miezi miwili zaidi. Mshipa ulipasuka kiangazi, akiwa anaanika mahindi. Hakupata nafasi ya kugombana na mtu.

Kwenye msiba Kamanzi aliwasimulia watu lile jibu, kila mtu akalibeba kwake na kuliongezea chumvi. Siku ya tatu lilikuwa limeshamtukana mpaka mke wa Kamanzi. Azarias si mtu wa maneno, lakini siku ile ya fimbo alikuwa amesimama pale mlangoni, na alisikia. Mukarusanga alisema hivi:

"Shemeji, Gaju iko na roho mubaya, hata moto unamuogopa. Bihogo iko mpole. Angeumia, na asingesema kitu."