Mbwa Mnene wa Mpishi Paulina

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa kwenye mizani nikiwa nimembeba mbwa. Nilikuwa nimeajiriwa mhudumu wa kituo cha mifugo hapa Karatu, wakati Karatu ingali chini ya wilaya ya Mbulu, na nilidhani kazi yangu itakuwa kufagia na kuchemsha sindano. Bwana Mifugo wetu, Elibariki jina lake, mtu wa Machame mwenye sauti ya kwaya, akaniambia, "Emiliana, panda kwanza peke yako." Ilikuwa mizani ya magunia ya ngano. Nikapanda, akasoma. "Sasa mbebe huyo." Nikambeba, akasoma tena, akatoa uzito wangu. Kilichobaki kilikuwa cha mbwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo niliielewa palepale, kwa kuwa nilikuwa nimeibeba mikononi.

"Na pasipokuwa na mizani utafanyaje?" akaniuliza.

"Sijui, bwana."

"Una vidole."

Akanionyesha kupitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu za mbwa mwenye afya huzioni, ila ukigusa unazipata mara moja. Ukiziona kwa mbali, ana njaa au minyoo. Ukizitafuta usizipate, amenenepa, na unene kwa mbwa ni mzigo wa moyo na magoti. Kisha usimame juu yake umtazame mgongoni, uone kama ana kiuno.

"Mbwa naye ana kiuno?"

"Anacho. Kama wewe kabla hujaolewa."

Nikacheka, nikajua kazi hii nitaiweza.

Baadaye nilipelekwa Endabash, kwenye josho, yaani lile shimo la dawa wanamooshwa ng'ombe kuua kupe. Bwana Josho wa kule, Paskali, hakuwa mtu wa maneno mengi. Mbwa wa Endabash walikuwa wembamba kwa minyoo, tukawapa dawa. Kisha nikaenda Ngorongoro na Bwana Mifugo wa Tarafa, tukichanja kichaa cha mbwa boma kwa boma. Huko mzee mmoja wa Kimasai, Koinet, alinikuta napapasa mbavu za mbwa wake.

"Yeyo," akaniita, kama wanavyomwita mama, "unamshika hivyo ili umle?"

"Naangalia kama amenenepa, mzee."

"Huyo anenepe? Mbwa wa kunenepa hulala. Akilala, fisi anakula ndama wangu."

Bwana Mifugo wa Tarafa alisema mzee yule amefupisha somo ambalo yeye alifundishwa chuoni kwa mwaka mzima.

Nikarudishwa Karatu kwa Bwana Elibariki. Hiyo ilikuwa miaka migumu. Sukari haionekani, sabuni haionekani, unga wa foleni, na aliyekutwa ameficha bidhaa aliitwa mhujumu uchumi na kupelekwa mahakamani. Mbwa wa mji mzima mbavu nje. Isipokuwa mmoja, Tomi, mbwa wa Paulina, mpishi wa shule ya bweni ya wasichana. Tumbo lilimning'inia, na kupanda kizingiti cha nyumba ilikuwa mpaka apumzike katikati. Mitaani walimbatiza jina. "Mhujumu anapita," watu wakasema, na sisi tukacheka pamoja nao.

Kicheko kikaisha siku Mwalimu Mkuu, Gidamis, alipomwita Paulina ofisini. Akamwambia, "Wasichana wanalia njaa, na mbwa wako anatembea kama gunia. Unga wa serikali unaenda wapi?" Akampa muda mpaka shule ifungwe. Asipokuwa na jibu, jibu watalitafuta polisi. Paulina alikuwa mjane, analea watoto wake katika nyumba ya shule. Kazi ikienda, nyumba nayo inaenda, na huenda yeye mwenyewe akaenda gerezani.

Alikuja kituoni akimvuta Tomi kwa kamba. "Emiliana, dada yangu," akaniambia, "niambie ni ugonjwa."

Nami nilitamani uwe ugonjwa. Nilipapasa mbavu za Tomi, sikuzipata. Bwana Elibariki akaligonga tumbo kwa kiganja. Tumbo lenye maji hutikisika kama maziwa kwenye kibuyu. Hili halikutikisika. Tukampa dawa ya minyoo, haikubadilisha kitu.

"Mwache hapa," akamwambia Paulina. "Tumlishe sisi, tuone."

Basi nikamlisha mimi. Asubuhi kipande cha ugali na mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, jioni hivyo hivyo, na katikati maji tu. Alitusumbua kwa kulia, tukaziba masikio. Nilikwenda naye kuteka maji, kwanza mwendo wa kinyonga, maana mbwa mnene ukimkimbiza unamuua. Kila Jumatatu nikapanda naye mizani. Uzito ukashuka, ukashuka tena. Kwa kawaida hiyo ni furaha kwa mwenye mbwa. Lakini kila mizani iliposhuka Paulina alizidi kukosa raha, nami nikaelewa kwa nini. Kwetu amepungua, kwake alinenepa. Tulikuwa tumemtafutia Mwalimu Mkuu ushahidi.

Naye alipokuja kuuliza, Bwana Elibariki hakumficha. Mwalimu Gidamis akavaa kofia yake. "Basi jibu tumelipata."

"Nusu tu, Mwalimu. Mizani imesema mbwa alikula kupita kiasi. Haijasema alikula wapi. Nikimrudisha bila kujua, atanenepa tena na kazi yangu itakuwa bure. Tumfungue, tumfuate."

"Mimi nimfuate mbwa?"

"Twende wote. Na Paulina awepo."

Tulimfungua Tomi saa ya chakula cha mchana. Paulina alinishika mkono. Mbwa akafika nyumbani kwake, mlango uko wazi. Akapita. Akafika jikoni, moshi unatoka na masufuria yananukia. Akapita, hata shingo hakugeuza. Akazunguka nyuma ya bwalo la wasichana, akaketi chini ya madirisha, akatazama juu.

Mkono ukatoka dirisha la kwanza na tonge la ugali na maharage. Akala. Akasogea dirisha la pili, mkono mwingine ukatoka. Alikuwa akikagua madirisha kama mkaguzi wa elimu.

Mwalimu Mkuu akasogea, akasimama chini ya dirisha la tatu. Mkono ukatoka. Aliutambua.

"Filomena."

"Naam, Mwalimu."

"Unafanya nini?"

"Namaliza chakula, Mwalimu."

"Kwa mdomo wa nani?"

Ndani mmoja akashindwa kujizuia kucheka. Filomena akasema taratibu, "Maharage yana wadudu, Mwalimu. Na ukisaza ni fimbo."

Kweli, amri ilikuwa yake: asiyemaliza sahani achapwe, kwa kuwa kutupa chakula wakati wa njaa nako ni kuhujumu. Hivyo watoto hawakusaza. Walimpa Tomi, wakalala na njaa.

"Maharage yale nilikuambia, Mwalimu," Paulina akasema. "Ukaniambia niyachambue."

Mwalimu Mkuu akaingia bwaloni, akaomba kijiko, akala maharage mbele ya wasichana wote. Alitafuna kwa muda mrefu. Alipotoka alisema tu, "Mama, kesho usiyapike haya," kisha akaenda ofisini. Hakuomba radhi zaidi ya hapo, wala suala la polisi halikutajwa tena. Paulina aliketi juu ya kuni, akajifuta uso kwa khanga. Sikujua analia au anacheka, nikaketi naye.

Bwana Elibariki alibaki na la kwake: "Na huyu mbwa?" Tukapanga. Masazo yaingie kwenye ndoo ya nguruwe wa shule. Tomi alishwe na Paulina peke yake. Wasichana wamtembeze jioni, badala ya kumlisha. Kiangazi kilipofika alikuwa na kiuno.

Nimestaafu siku nyingi. Karatu sasa imejaa hoteli, na mbwa wake wanakula mabaki ya watalii. Watu huniletea wanyama wasiopata hata pumzi. Mwenye mbwa huniapia, "Bibi, mimi humpa kidogo tu," nami humwamini. Kisha namwambia aniitie mpishi, mlinzi na watoto, na kila mmoja husema humpa kidogo tu.

Paulina alipika pale pale mpaka naye akastaafu, na watoto wake wakasoma wote. Jumapili tukitoka kanisani bado tunakumbushana habari hii. Yeye husema kwamba katika maisha yake yote ya upishi, siku ile ndiyo pekee aliyomshukuru Mungu kuona kiumbe akipita jiko lake bila kugeuza shingo.