Banda la Kuku Lenye Mapazia

Pale manispaa walimwita Bwana Eksi, kwa sababu ya kopo la rangi nyekundu alilotembea nalo. Kazi yake ilikuwa kulinda ukanda wa kijani, ile miti na majani yaliyouzunguka mji, ambako sheria ya mipango miji inakataza ujenzi. Akikuta ukuta, anauchora alama ya X, na mwenye ukuta anajua utabomolewa, hana chake tena.

Asubuhi moja alitumwa kukagua jengo jipya bondeni. Kufika, akamkuta mama mkwe wake anafagia kibaraza.

Akaficha kopo mgongoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Hili ni banda la kuku tu."

Akachungulia ndani. Mapazia ya maua, kochi, feni inazunguka. Kuku mmoja alikuwa kwenye kochi, ametulia kama mwenye nyumba.

"Mama, feni ni ya kuku?"

"Wanasikia joto kama wewe."

Bwana Eksi akajikuna kichwa. Akiliacha, ukanda mzima utajaa mabanda ya namna hiyo. Akilichora, atamtazama vipi mkewe? Mwishowe akavua kofia, akaomba radhi, akachora X ndogo nyuma ya mlango, kwa adabu zote.

Mama mkwe akaikagua. "Ikuze kidogo. Watu wasije wakasema binti yangu kaolewa na mtu asiyejua kazi."

Jengo likavunjwa. Mama, kochi na kuku wakahamia kwa Bwana Eksi, na chumba walichokipenda kilikuwa cha kwake. Mkewe akamhamishia sebuleni, na kwa muda mrefu akaongea naye kupitia watoto.

Habari zikaenea. Tajiri mmoja aliyekuwa ameleta ramani za maghorofa ya bonde lile lile alizikunja kimya kimya. "Kamvunjia mkwewe," alimwambia karani. "Mimi nitapona?"

Lakini aliyebadilika kuliko wote ni mama mwenyewe. Kama yeye kaondolewa, hakai mtu. Kila siku alishuka bondeni na mwavuli wake, akizungukia miti kama shamba lake. Siku moja simu ya ofisini ikalia.

"Baba, kuna watu wameteremsha matofali huku."

"Wako wapi, mama?"

"Wamesimama hapa wananitazama. Nimeyakalia. Njoo upesi, yanaumiza."