Miiba Aliyoiacha Golandam

Saa mbili asubuhi, Golandam amepiga magoti mbele ya kichaka cha mlozi mwitu, kwenye mteremko mkavu juu ya mji wa Firuzabad. Ndani ya miiba umesimama mlozi mtamu alioubebesha, yaani kuupandikiza, kwenye kichaka hicho miaka mitatu iliyopita. Leo anauvua miiba.

"Nikikata mapema, mbuzi wanaumaliza," anasema mama huyu wa miaka hamsini na moja. "Nikichelewa, mwitu unaunyonga."

Anajua anachosema. Mwaka wa kwanza alisafisha vichaka arobaini vikapendeza kama bustani ya mjini, akabandika jicho, yaani chipukizi, la mlozi mtamu kwenye kila kimoja. Mbuzi walikuja asubuhi moja tu, wakala vyote. Na aibu iliyoje, walikuwa mbuzi wa mumewe, Ayaz.

"Siku tatu nilikula mkate mkavu," Ayaz anakumbuka. "Hata chai nilijichemshia."

"Mbuzi wako walikuwa wameshiba kwa niaba yako," mkewe anamjibu.

Tangu hapo hubebesha tawi la katikati tu, ya nje huyaacha na miiba yake yalilinde. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Kisha kisima cha kijiji kikakauka, na milozi yao ya kumwagiliwa ikafa, ilhali mizizi ya mwitu haikujua kiu. Wengi wamehama. Kaka yake Ayaz amewawekea Golandam na mumewe chumba mjini Shiraz, na kila wiki hupiga simu kuuliza watakwenda lini. Lozi chungu za mwituni huuzwa kwa robo tu ya bei ya zile tamu, na familia haiwezi kuishi kwa hizo.

Tawi la mwisho la miiba linaanguka. Mikono ya Golandam inatoka damu, wala hajali.

"Ayaz! Mlete Khan."

"Wewe mama, una wazimu? Huyo ndiye mwizi mkuu!"

"Ndiyo maana namtaka. Akishindwa yeye, nani ataweza?"

Beberu Khan anasimama kwa miguu ya nyuma, anavuta shingo, anatoa ulimi. Jani la chini kabisa bado liko juu ya ulimi wake kwa kiganja kizima. Anajaribu tena, anaanguka kwa kishindo.

Golandam anacheka mpaka anakaa chini. "Mtaka cha mvunguni huinama," anamwambia. "Wewe wataka cha juu, baba. Utangoja sana."

Ayaz anaokota miiba iliyokatwa, bila kuambiwa, na kukizungushia kichaka kinachofuata.

"Bado sitini na viwili," anasema.

"Tutavifikia. Ila kwanza mpigie kaka yako," anasema Golandam, akifuta machozi ya kicheko. "Mwambie kile chumba akipangishe."