Kimya kwa Ajili ya Kipa Wetu

Tulisimama kimya dakika nzima, kofia mikononi, kumwombolezea kipa wetu wa zamani, na kipa mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu akitafuna njugu.

Wengi hawakujua. Refa alipuliza filimbi, mpira ukaanza, vumbi likapanda kama kawaida. Aliyesikia maneno ya kwanza ni mzee anayeuza maji pembeni mwa uwanja, na nilimhoji jioni ileile, kabla habari haijatiwa chumvi. Anasema mgeni alimgusa begani.

"Samahani mzee, mnamlilia nani?"

"Kipa wetu wa zamani. Mkongo. Amefia huko Kakuma."

"Yule aliyedaka penalti kwenye fainali?"

"Huyohuyo."

Mgeni alimalizia njugu zilizokuwa mdomoni. "Huyo ni mimi," akasema.

Mzee akamtazama kutoka juu hadi chini. "Basi pole," akamwambia. "Hata wewe hukupewa habari mapema."

Timu yetu ni ya Lodwar na haijawahi kufika mbali. Tunaofuatilia mechi zake ni wale wale kila mwaka, na baada ya mechi, au siku ambayo hakuna mechi kwa sababu timu ngeni imekosa gari, tunakaa kwenye kibanda cha chai kilicho karibu na uwanja. Hapo kuna mchezo wetu mwingine. Mtu anamtaja mchezaji wa zamani ambaye anadhani wenzake wamemsahau, anaeleza alitoka wapi na alifanya nini uwanjani. Akipata shahidi mmoja, mchezaji huyo amekubaliwa. Akikosa, anaambiwa, "Huyo umemzaa mwenyewe," na chai ya wote inakuwa juu yake.

Nimesikia wengi wakifufuliwa kwa njia hiyo. Kulikuwa na winga wa Namoruputh ambaye wakati wa mapumziko aliletewa habari kwamba ngamia wa baba yake wameonekana upande wa pili wa mpaka, akaondoka akiwa na jezi, na jezi haikurudi. Kulikuwa na beki wa Kalokol aliyepiga mpira kichwa huku amefumba macho. Kulikuwa na mshambuliaji wa Kainuk aliyefunga bao moja tu maishani mwake, langoni kwetu wenyewe.

"Lakini lilikuwa bao zuri," fundi redio husema kila anapotajwa, na kila mara tunacheka.

Majina yao hatukuyajua. Kwetu mchezaji huitwa kwa mahali alikotoka, na hilo linatosha. Yeyote aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliitwa Mkongo, hata kama mama yake alimzalia Burundi.

Mkongo hakuwa mtu wa kukumbushwa kwenye kibanda. Ndiye pekee tuliyejivunia. Miaka kadhaa iliyopita tulifika fainali ya kombe la mkoa, tukacheza na timu iliyoteremka kutoka upande wa Kitale, vijana walioshiba, wenye viatu vinavyofanana. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Mwishoni kabisa wakapewa penalti. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja, mbali, jua likinipiga usoni. Niliona jezi ya kijani ikiruka, mpira ukagonga mkono, ukagonga mwamba, ukatoka nje. Baada ya hapo niliona migongo ya watu tu. Tulimbeba mabegani, tukamzungusha uwanja, kisha meneja akamchukua na kumpakia kwenye pikapu, kwa sababu ruhusa yake ya kuwa nje ya kambi ilikuwa inaisha jioni hiyo. Mbuzi wa ushindi alichinjwa yeye akiwa njiani. Mtu mmoja alisema awekewe paja. Sikumbuki kama liliwekwa.

Mwaka huu simu ikatoka Kakuma kwamba kipa wetu Mkongo amefariki kwa homa. Kibandani watu waliguswa kweli, nisiseme uongo. Wakakubaliana mambo mawili: dakika ya kimya kabla ya mechi itakayofuata, na picha yake ichorwe kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Fundi anayechora mabango ya maduka akajitolea. Alipiga ukuta rangi nyeupe, akasubiri apewe picha ya marehemu.

Badala ya picha, akaja mtu mzima, yule mgeni wa njugu, akiwa hai, amekuja Lodwar kutibiwa macho hospitalini.

"Sasa nichore nani?" fundi akauliza.

Nilikwenda kutafuta jibu kwa aliyekuwa meneja wa timu wakati wa fainali ile. Yeye alikuwa mchuuzi wa samaki. Alichukua samaki wakavu kwenye ghuba ya Ferguson, Ziwa Turkana, akawapeleka Kakuma kwa Wakongo na Warundi, ambao haipiti siku bila kula samaki, na Jumamosi akarudi Lodwar na kipa wetu nyuma ya pikapu tupu. Ndiyo maana Mkongo alinuka samaki. Lilikuwa jambo la kutaniwa sana, mashabiki wakisema washambuliaji hawamsogelei kwa sababu ya harufu.

Nilimkuta chini ya mkoma mbele ya nyumba yake, akishona wavu.

"Ejok, mzee," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Kipa alikuwa mmoja au wawili?"

"Ejok-noi. Walikuwa wawili," akasema, bila kuinua kichwa. "Mmoja wa Kongo, mmoja wa Burundi."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza?"

Akaendelea kushona. Alieleza kwamba kupata ruhusa ya kutoka kambini halikuwa jambo la kutegemea. Wiki hii atapewa huyu, wiki ijayo atanyimwa, atapewa yule. Kwa hiyo alitafuta makipa wawili, wa kimo kimoja, na jezi moja, kwa sababu klabu ilikuwa na jezi moja tu ya kipa. Akishamaliza kushusha samaki aliuliza sokoni nani ana pasi ya kutoka. Aliyekuwa nayo alipanda.

"Na siku ya fainali alipanda nani?"

Hapo aliinua kichwa. Ninaamini alikuwa anajaribu kwa dhati kukumbuka.

"Siku ile nilikuwa na tatizo la gurudumu," akasema mwishowe. "Hilo nalikumbuka vizuri."

Nilipanda gari kwenda Kakuma, kisha Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyo jirani, nikamtafuta mjane wa yule Mkongo wa kweli. Ni mama mrefu anayeuza mboga alizolima mwenyewe kando ya nyumba, kwenye vishimo vinavyomwagiliwa kwa maji ya kunawia. Alikuwa amesikia habari za ukuta kupitia watu wa kanisani. Aliniwekea kiti kabla sijajieleza.

"Ni wewe wa Lodwar? Karibu, papa. Muko nachora bwana yangu?"

Nilimwambia kwamba kuna mtu mwingine naye anasema ni yeye.

"Ule Mrundi." Hakukasirika. "Ni mutu muzuri. Alikuja kwa matanga, alichimba kaburi na mikono yake. Lakini penalti ni bwana yangu alishika. Alirudi usiku, kidole hii ya mwisho imevunjika. Ni mimi nilifunga na kitambaa. Haikunyooka mupaka tulimuzika nayo."

Wanawe wawili walikuwa wanasikiliza mlangoni. Mama aliwatuma maji, wakaenda, ndipo akasema alichotaka kusema.

"Batoto bangu banajua baba kama mutu wa kupanga mustari wa chakula. Kila mwezi, mustari. Alifika hapa kijana, akafia hapa, kwa mustari. Siku moja tu, watu walimubeba juu. Nataka babone sura yake pale walimubebea. Ni ile tu naomba."

Alinipa picha yake, ndogo, ya pasi, imechakaa pembeni. Alikuwa na uso mwembamba, masikio yaliyosimama. Niliitazama sana nikitafuta kitu cha kukumbuka. Sikukipata.

Yule Mrundi ana kibanda cha kutengeneza baiskeli Kakuma, karibu na soko. Nilimwambia kuhusu kidole. Alifuta grisi kwa kitambaa, akaninyoshea mikono yote miwili. Vidole vitatu vilikuwa vimepinda.

"Timu yenu haikuwa na glavu," akasema.

Nikamwuliza anakumbuka nini kuhusu penalti yenyewe. Alisema mpigaji alikuwa na soksi moja iliyoshuka, na alitazama kona ya kushoto kabla ya kurudi nyuma kupiga. Mjane alikuwa ameniambia kwamba, kwa maelezo ya mumewe, mpigaji alipiga ishara ya msalaba na kubusu mpira. Mambo haya mawili hayakatai kwenda pamoja. Mtu anaweza kubusu mpira akiwa na soksi iliyoshuka.

"Mlikuwa mnazungumza, wewe na marehemu?"

"Bwana, tulikuwa majirani. Jezi tulipeana. Aliyerudi anaifua, anaianika, anampelekea mwenzake."

"Na fainali? Hamkuwahi kuizungumzia?"

Alirudi kwenye baiskeli, akazungusha gurudumu, akalisikiliza. "Yeye aliwaambia watu wake ni yeye. Mimi nikawaambia wangu ni mimi. Nje hatukubishana. Mtu akiwa na kitu kimoja, unamnyang'anya cha nini?"

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Sikusema hivyo. Mjane siwezi kubishana naye, mchoreni mumewe mkitaka. Lakini mtu asije akasema mimi nimekubali. Siku ile ni yangu. Na mimi sina nyingine."

Nilirudi Lodwar na picha ya pasi mfukoni, nikaipeleka kibandani. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa. Kisha nikawaomba waliokuwa karibu na lango siku ile waseme walichokiona. Mwalimu mstaafu alisema kipa alikuwa mweusi sana. Fundi redio akasema hapana, alikuwa maji ya kunde, tena na ndevu. Kinyozi aliyembeba begani kabisa, aliyekaliwa na kipa shingoni, alisema alikumbuka uzito wake, na harufu ya samaki.

"Uso je?"

"Nilikuwa chini yake, ndugu yangu. Ningeuonaje?"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Wengine walisema mpigaji alibusu mpira, wengine wakasema huyo alikuwa wa nusu fainali. Kuhusu soksi hakuna aliyejua. Jambo moja tu walikubaliana wote, bila ubishi. Mbuzi wa ushindi alikuwa mweupe, mwenye doa jeusi kwenye jicho, na alikuwa mnono.

Watu hawa wanaweza kukuambia winga wa Namoruputh alipotea na jezi namba gani. Wanamkumbuka beki aliyecheza mechi moja, akaumia mguu kabla hajagusa mpira. Kwenye mchezo wao wa kukumbuka sijawahi kuona wakishindwa namna hii. Wawili hawa walitulindia lango misimu miwili, tukawashangilia kwa neno moja, tukawapandisha pikapu jioni bila kula, na hakuna aliyemtazama hata mmoja wao usoni muda wa kutosha kumtofautisha na mwenzake.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeleta suluhisho. "Achorwe kwa nyuma," akasema. "Anaruka, mgongo kwetu, uso kwa mpigaji. Jezi ni ileile. Hakuna atakayedhulumiwa."

"Mwalimu, hapo umefikiri," fundi redio akasema.

Nilisema kwamba mjane anataka uso. Kinyozi akanijibu kwa upole kabisa kwamba tukiweka uso wa mmoja tutakuwa tumemtukana mwingine, na huyo mwingine yuko hai, anaweza kuja kuona. Kwamba mjane pia anaweza kuja hakulitaja. Mikono ikainuliwa, mgongo ukapita.

Fundi wa mabango alimaliza kazi kwa alasiri moja. Ni mchoro mzuri, huwezi kuukosoa. Jezi ya kijani imeshika upepo, namba moja mgongoni, vidole vimenyooka vyote kuelekea mpira. Siku za mechi watu hupiga picha mbele yake. Nilimtumia Mrundi moja kwenye simu. Akajibu neno moja: "Sawa."

Kwenye kibanda jambo hili limeshakwisha, na mchezo umerudi palepale. Wiki iliyopita walibishana kuhusu kiungo mmoja aliyekuwa akicheza na rozari shingoni.

Mjane ninamjulisha mimi, kwa sababu namba yake ninayo mimi tu. Nilimwambia mchoro umekamilika. Alishukuru, akaomba baraka kwa timu nzima, akaniambia anawaombea watoto pasi ya kutoka kambini, ili shule zikifungwa awalete Lodwar waone sura ya baba yao. Juzi alinipigia tena. Alitaka kujua kama fundi amemchora akiwa anacheka, kwa sababu watoto wanauliza.

Nilimwambia mtandao ni mbaya, nitampigia. Pasi za watoto zimeshatoka.