Gemu Iliyosakamwa na Pamba

Baada ya kiharusi, mkono wa kulia wa mama ulilala mapajani mwake kama kitu alichoshikishwa na mtu akasahau kukichukua. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimpa mpira laini wa kuminya, akatueleza wazi: vidole visipofanya kazi miezi hii ya mwanzo, huenda vikabaki hivyo hivyo. Mama aliuminya siku ya kwanza. Siku ya pili akamrushia mbwa.

"Mayu, mazoezi," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mpira. Mkono huu umechuma pamba kabla hujazaliwa."

Nilikuwa nimerudi Bariadi kumuuguza. Mdogo wangu wa kike naye alikuja kutoka Maswa, na ndiye aliyekumbuka gemu.

"Si ndiye huyu aliyekuwa anatunyang'anya pedi za gemu?" alisema akicheka. "Leo anajifanya mtu mzima."

Ni kweli. Baba aliinunua mnadani, msimu mmoja pamba ilipokubali: boksi jeupe la plastiki, pedi mbili, na kaseti ya njano iliyoandikwa kuwa ina michezo elfu. Ilikuwa michache tu, ikijirudia kwa majina mapya, nasi kila jina tulilifungua kwa moyo unaodunda. Pamba nyingine ilikuwa bado haijauzwa, sebule nzima ikiwa lundo jeupe hadi dirishani. Tulizama humo mpaka kiunoni tukicheza mchezo wa vifaru vya vita. Mama alipita na mwiko mkononi, akasema atacheza raundi moja tu. Ugali ukaungua.

Baadaye gemu ikafa, skrini ikabaki ya kijivu. Fundi wa mtaani alisema imeungua, tukaamini. Ikaingia kwenye sanduku la bati, ikasahaulika kama zilivyosahaulika za majirani, simu zilipoanza kuja na michezo yake.

Sasa mdogo wangu aliifungua kwa bisibisi, akachungulia tundu la kaseti.

"Njoo uone ujinga wetu."

Lilikuwa limejaa nyuzi za pamba. Watoto wa kwingine, kaseti ikigoma, waliipuliza kwa mdomo. Sisi tulikuwa tumekalia pamba. Tulichomoa konzi ya pamba, tukasugua meno ya kaseti, tukairudisha. Kila mara tuliacha nyuzi kidogo ndani, tukidhani tunasafisha, mpaka gemu ikasakamwa. Mdogo wangu alizichokonoa kwa sindano, zikatoka nyeusi kama masizi. Tukafuta kwa spiriti na kitambaa, tukachomeka waya kwenye TV, tukabonyeza.

Ule muziki wa vifaru ukalia. Ule ule, mwembamba, wa kukera, mtamu. Mama aligeuza shingo.

"Leteni hapa."

Mkono wa kushoto ndio unaoendesha, wa kulia unafyatua. Wa kushoto wa mama ulikuwa mzima, kwa hiyo kifaru chake kilizunguka skrini nzima kwa ufundi wa zamani, kikakwepa kila kombora, lakini chenyewe hakikufyatua hata moja. Kidole gumba cha kulia kilikaa juu ya kitufe kikitetemeka. Nilishika pedi ya pili, nikamlinda nilivyoweza. Mdogo wangu, aliyekaa nyuma yetu, hakuwa na huruma.

"Mayu, umekuja kutalii?"

"Nyamaza wewe."

"Jamani, kifaru cha bibi harusi hicho! Kinapita tu, kinasalimia watu."

Tukafa. Mama akasema, "Tena." Tukafa tena, akasema, "Tena," kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Kesho yake nilimkuta mbele ya TV kabla hata uji haujaiva, pedi mapajani, mkono wa kulia ameuweka juu yake kwa kuubeba na wa kushoto. Hakuna aliyetaja neno mazoezi. Siku zikaenda hivyo, na mimi nikaanza kuogopa kumtazama kile kidole, nisije nikakivunja moyo.

Mchana mmoja wenye joto, vifaru vya adui vilimbana pembeni. Nikakimbia kumwokoa. Nilisikia kitufe kikilia, tiki, na kifaru changu kikaganda mahali pake kikimetameta.

"Umenipiga mimi, mayu!"

"Ulisimama njiani," alisema bila kubandua macho kwenye skrini, na kidole gumba kikashuka tena.