Maziwa Kutoka Gotu

Juzi, katika hoteli moja hapa Isiolo, mama mmoja kutoka kijiji cha Gotu aliketi karibu nami, yeye na mwanawe aliyerudi kutoka Nairobi. Akammiminia maziwa ya ngamia kutoka kwenye kibuyu alichokifukiza mwenyewe. Kijana akanusa, akasukuma kikombe kwa kidole kimoja.

"Mama, hii inanuka moshi. Niitishie soda."

"Si ukiwa mdogo ulikuwa unaililia?"

"Hiyo ilikuwa zamani."

Mama akaita soda. Kisha akanigeukia. "Wewe utakunywa? Ndama ililala njaa ndio hii ifike hapa."

Nikanywa yote, nikamshukuru. Ulimi hubadilika, na kwa hilo simlaumu kijana. Lakini hata kuonja tu? Mama alimkamulia mwanawe, akaja kushukuriwa na mtu baki.