Nilimgombeza yaya yangu kwa alama za nukuu, kumbe kosa langu

Wakuu, salamu kutoka Baraka. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Papa, baba yetu, alikuwa kiongozi wa chorale, kwaya ya kanisa, kule Nundu. Alipofariki, sauti yake akifundisha wimbo ilibaki kwenye laptop ya yaya Riziki, dada yangu mkubwa. Jumapili tulikuwa tunamaliza kilio, na Mama aliomba kitu kimoja tu: amsikie mumewe kanisani.

Sasa bafle la kanisa, yaani spika, linasoma mp3 tu, na faili ilikuwa amr. Mtandao mbovu, kunitumia haikuwezekana. Ikabidi yaya aigeuze mwenyewe kwenye Windows yake, kwa programu ya ffmpeg iliyokuwemo tayari, mimi nikimwelekeza kwa simu, Jumamosi mchana, betri yake ya sola ikielekea kuisha.

Mimi natumia Linux. Nikamtajia amri yangu ya kila siku:

ffmpeg -i 'Sauti ya Papa.amr' papa.mp3

Clavier zetu huku, yaani kibodi, ni azerty za Kifaransa, kwa hiyo alama tunatajiana kwa namba ya touche, kitufe chenyewe. Nikamwambia touche ya nne, yenye alama moja ya nukuu.

Ikagoma. Akarudia, ikagoma. Mara ya tatu nikapandisha sauti, eti hasikilizi. Na ndiye aliyenifundisha kusoma, wakuu. Aibu ninayo hadi leo.

Yaya hakukasirika. Akanisomea kosa polepole.

"Iko natafuta Sauti tu, na ka-alama mbele. Ya Papa imeiacha. Mi nimefanya vile umesema."

Hapo nikakumbuka.

Lile dirisha jeusi la cmd, la kuandikia amri kwenye Windows, halitambui alama moja. Linakata jina penye nafasi. Linataka alama mbili: "Sauti ya Papa.amr".

"Yaya, unisamehe. Bonyeza touche ya tatu."

Ikapita. Betri ikazima muda mfupi baadaye, lakini mp3 ilishaingia kwenye flash.

Jumapili bafle lilianza kwa kikohozi. Kikohozi cha Papa kabisa, halafu akasema, "Tuanze." Chorale ikaanza kweli. Mama alicheka huku analia. Mimi nililia tu.

Nilichojifunza: bash ya Linux inapokea alama moja na mbili, PowerShell ya Windows vilevile, cmd mbili tu. Kabla ya kumtajia mtu amri, muulize yuko kwenye dirisha gani. Na akikusomea kosa, msikilize.

Nyinyi mnaelekezanaje amri kwa simu bila kugombana? Semeni hapo chini, ila kwa adabu, yaya anasoma. Amenituma niandike ni nani aliyegundua kosa.

Ni yeye.